Koti la Hao, Uzi wa Carmel

Observatory, Johannesburg
Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025

Kwa Mama Mdogo Célestine,
Katuba, Lubumbashi

Mpendwa Mama Mdogo,

Pokea salamu zangu na za Ruphin, pamoja na za watoto wawili ambao saa hii wamelala usingizi wa mchana kitanda kimoja, mmoja miguu yake iko usoni pa mwenzake. Sisi ni wazima. Tumetoka kanisani, tumekula, na mvua imeanza, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa.

Natumaini barua hii itakukuta mzima nawe, umeketi mbele ya mashine yako, redio ikisema peke yake. Goti linaendeleaje? Kwenye simu ulisema limepona, lakini jirani yako Brigitte alimwambia Marcellin kwamba ngazi za kanisa unazipanda ukishika ukuta. Kati yenu wawili sijui nimwamini nani, ila ukuta sijawahi kusikia umedanganya. Na dawa ya presha, unameza kila siku, au unameza siku ukiikumbuka?

Huko mvua zimeshaanza? Lile bati la juu ya jiko ulilipigilia misumari, au bado unaweka sufuria chini na kungoja?

Naandika kwa karatasi kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwenye simu wewe unasema na mimi naitika, ndivyo tulivyo tangu zamani. Ya pili, ndani ya bahasha kuna uzi. Usiutupe ukadhani umeangukia humo kwa bahati mbaya. Nitaufikia.

Marcellin anaondoka kesho kutwa na gari lake la mizigo. Nimemwambia bahasha aitie mkononi mwako, si kwa jirani, si kwa mtoto aliyepita njia. Akikuta umeenda sokoni, angoje. Alisema, "Dada Arlène, na kama ameenda kijijini?" Nikamwambia angoje vilevile.

Habari za hapa ni hizi. Glody ana miezi minane na meno mawili, na hayo mawili anayatumia kama ana ishirini. Ananyonya huku ananiangalia aone kama nimeumia. Ruphin bado ni mlinzi. Sasa wamempeleka kwenye majengo ya ofisi kule Sandton, anatoka kabla ya jua na kurudi watoto wameshakula. Siku yake ya mapumziko analala mpaka mto unamchora shavu. Halalamiki, nawe unamjua.

Mimi nimechoka. Naisema ili usije ukasema nimeficha. Si ugonjwa. Kifua kilishapona. Ni uchovu wa kuamka, kubeba, kufua, na kuamka tena. Ulinilea ukanifundisha kazi, kwa hiyo kazi haitaniua.

Sasa jambo lenyewe.

Mwezi wa saba ulinipigia simu wiki ile mbaya. Glody alikuwa mchanga, mimi nakohoa mpaka naona nyota, na Carmel anabaki langoni pa shule mpaka mwalimu wake anakasirika. Ukasema, "Niletee huyo mtoto. Tangu Gustave afariki nakula na kuta." Nikasema ndiyo. Sikusema ili kukunyamazisha, nilikuwa nakubali kweli. Tukapatana kwamba shule za huku zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, Marcellin atamchukua, na Januari ataanza shule kwa masista. Najua umeshaongea na masista. Najua kitanda kimeshatengenezwa. Marcellin aliniambia mpaka rangi yake, kijani.

Mama Mdogo, Carmel hatakuja kukaa.

Nimeliandika hapa, si mwishoni, ili usisome kurasa zote ukitumaini. Nakuomba sasa usome mpaka chini kabla hujachukua simu.

Unajua nafanya kazi jikoni kwa Madame Lin, mwenye mkahawa kule Cyrildene, mtaa wa Wachina. Si mbali na hapa tunapokaa. Natembea kwa miguu, nateremka kilima, navuka taa mbili za barabarani ambazo huku wanaziita roboti, nimefika. Kazi yangu ni kukata: vitunguu, kabichi, tangawizi, nyama. Thabo, mwanamume anayekaa mtaa wa Alexandra, anakanda unga na kuvuta tambi. Madame anasimama kwenye sufuria kubwa. Tunaongea Kiingereza cha jikoni, kila mmoja na chake, na tunaelewana. Hapa nitakiandika kwa Kiswahili.

Ukutani karibu na friji kuna kalenda ya kwao, ya kuchana karatasi moja kila siku. Haruhusiwi mtu kuichana ila yeye. Katika miaka mitatu amenifundisha kwamba kwao mwaka haufuati mwezi tu, unafuata jua pia, wanaugawa vipande ishirini na vinne, na kila kipande kina jina. Kuna kipande cha wadudu kuamka. Kuna cha umande mweupe. Na kuna siku ya baridi kuingia, ambayo huangukia tarehe saba au nane ya mwezi huu. Siku hiyo mtu anakula chakula cha kutia mwili nguvu, ili baridi ikija imkute ameshajiandaa. Kwao, upande wa Fujian, Madame anasema nyumbani walikuwa wanapika bata kwa tangawizi nyingi.

Lakini huku kwetu, unavyojua, mwezi wa kumi na moja ni joto. Maua ya jakaranda yanaanguka, yanakanyagwa, soli za viatu zinanata. Asubuhi jua, jioni radi. Ijumaa ilifika nyuzi thelathini na moja nje. Ndani ya jiko letu hakuna aliyepima.

Alhamisi Madame alichana karatasi yake, akageuka. "Kesho baridi inaingia. Bata wanne. Tangawizi kilo mbili. Arlène, usimenye, osha tu."

Thabo akajifuta jasho kwa mkono wenye unga, paji la uso likawa jeupe. "Inaingilia mlango gani, Madame? Ikija mbele, iambie ipite huku nyuma. Tunaihitaji."

"Cheka tu. Wewe hutakula."

"Nitakula, Madame. Hata mimi naogopa baridi. Ona, nimevaa kaptula kwa hofu."

Madame alimpiga bega kwa kitambaa cha sufuria. Ni mtu mgumu kucheka, lakini kitambaa chake tunakijua, kikiwa cha hasira na kikiwa cha mchezo.

Ijumaa asubuhi, tukiwa tunakata bata, nikamuuliza lililokuwa moyoni mwangu miaka yote mitatu. "Madame, hapa ni kiangazi. Kwa nini unapika chakula cha baridi?"

"Kwetu ni baridi."

"Lakini wewe uko hapa."

"Hao yuko kule," akasema, akaendelea kukata.

Hao ni mtoto wake, mmoja tu. Alizaliwa hapahapa Johannesburg, mwezi mmoja na Carmel, Agosti ya 2019. Kabla hajatimiza miaka miwili walimpeleka kwa bibi yake, mama wa mume wake. Wengi wa hapo mtaani wamefanya hivyo. Mkahawa unataka mikono miwili, na mtoto anataka ileile miwili. Walisema mwaka mmoja, mpaka biashara isimame. Biashara ilisimama zamani. Mtoto bado yuko kule, na tangu hapo Madame amekwenda kumwona mara moja.

Rudi nami kidogo mwezi wa saba, wiki ileile uliyonipigia. Huku ndiyo ilikuwa baridi yenyewe, na maduka yalikuwa yamepunguza bei za makoti. Madame akanunua koti la buluu, zito, lenye kofia. Akaniambia, "Kesho niletee Carmel."

Nikamleta. Akamsimamisha juu ya kreti la soda, akamvalisha, akafunga zipu mpaka kidevuni. Akavuta mikono ya koti, akapima kwa vidole viwili nafasi ya kukua, akamgeuza mara mbili. "Sawa," akasema, akamvua. Carmel alikuwa amedhani ni lake. Hakusema neno mbele za watu, lakini kilima kizima tulikipanda analia, na mimi nakohoa, na Glody mgongoni. Siku mbili baadaye Madame alimletea sweta jekundu, zuri. Carmel anavaa, lakini akiliona koti la buluu popote anageuza uso.

Koti likasafiri. Lilifika kule mwishoni mwa mwezi uliopita, na bibi akaliweka hadi siku ya baridi kuingia, ili liwe na maana yake.

Basi Ijumaa, kabla wateja hawajaingia, kule kwao ikiwa jioni, Madame akapiga simu ya video. Aliiegemeza simu kwenye chupa ya sosi, pale mezani ninapokatia. Sikuwa na pa kwenda, mikono yangu imejaa tangawizi. Kichina sikijui, lakini miaka mitatu jikoni mtu anaokota maneno, na mengine alinieleza baadaye.

Hao akaja mbele ya simu. Mtoto mnene, mzuri, nywele zimekatwa sawasawa. Akasimama wima, mikono nyuma, akamsalimia mama yake. Akamuuliza kama amekula. Madame akamuuliza ya shule, akajibu. Akamuuliza kama anamsaidia bibi, akajibu. Kila swali alilijibu kwa sauti nzuri, halafu akangoja lingine.

Mama Mdogo, yule mtoto ana adabu. Na adabu ile ndiyo iliyonifanya niache kukata. Carmel akiniona mimi haniulizi kama nimekula. Anauliza chakula kiko wapi. Ananivuta sketi, ananinunia, ananiambia nanuka vitunguu. Hao alimsalimia mama yake vile mtoto aliyefundishwa vizuri anavyomsalimia mgeni mkubwa aliyetoka mbali.

Halafu bibi akaleta koti. Akamvalisha. Mikono ya koti ikaishia chini kidogo ya kiwiko. Pande mbili za zipu hazikufikiana. Bibi akavuta huku, akavuta kule, anacheka, na Hao amesimama ametanua mikono kama sanamu ya kufukuzia ndege. Hakulalamika. Akasema asante, ni koti zuri.

"Geuka," Madame akamwambia. Akageuka. "Inua mkono." Akainua.

Madame akatazama muda. Kisha akaniangalia mimi. "Carmel ni mdogo," akasema.

"Ndiyo, Madame. Ni mwembamba."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anatafuta kosa lilipoingilia, na lilikuwa limeingilia hapo: mtoto wake aliye mbali alimpima kwa mtoto wangu aliye karibu.

Simu ilipokatika, alichukua kisu akaanza kukata tangawizi niliyokwisha kuikata. Thabo, ambaye hakosi neno, aliacha kukanda mpaka unga ukamkaukia mikononi. Mwisho akasema, "Amekua, Madame. Si habari mbaya."

"Amekua lini?" Madame akauliza.

Tulikula wale bata saa nane, sisi watatu, jasho linatiririka, mchuzi wa tangawizi unachoma koo. Alisimama juu yetu mpaka kila mtu akaona chini ya bakuli lake. "Malizeni," alisema. "Baridi ni ndefu." Thabo akanywa mpaka mwisho. Hata yeye hakufanya mzaha.

Nikarudi nyumbani na jambo moja kichwani. Wiki iliyopita Marcellin aliniletea ujumbe wako kwamba sare ya shule ya Carmel umeshaikata. Nikamuuliza, umeikata kwa vipimo gani? Akasema umempima mjukuu wa Brigitte, kwa kuwa wana umri mmoja.

Sikucheka, na wewe usicheke. Wewe ni fundi wa miaka thelathini. Hujawahi kumkatia mtu nguo bila kumgusa bega. Lakini mtoto akiwa mbali hata fundi anapima jirani.

Nitaandika na hili jingine, ambalo sijawahi kukuambia. Si lawama. Ukilisoma kama lawama utakuwa umeninyima haki yangu.

Mimi nilikuja kwako nikiwa na miaka saba. Mama alikuwa Kalemie, biashara ya samaki, watoto wengi, baba hayupo. Alisema mwaka mmoja. Ulinilea. Ulinishonea, ulinisomesha hadi pale pesa ilipofika, ulinichapa nilipostahili na mara mbili nisipostahili. Baba Mdogo Gustave alinibeba kwenye baiskeli yake. Sikulala njaa kwako hata siku moja. Nilikuwa na furaha, na naiandika hapa ili ibaki kwenye karatasi.

Lakini unakumbuka siku Mama alipokuja, nikiwa na miaka kumi? Ulinituma nilete kiti. Nikaleta kile cha sebuleni, kilichokuwa cha wageni. Nikakifuta vumbi. Nikampa chai kwa mikono miwili, nikarudi nyuma, nikasimama kando ya mlango kama ulivyonifundisha. Wewe ulinisifu mbele yake. Ukasema, "Ona mtoto wako alivyo na adabu." Mama akasema, "Kweli." Akanywa ile chai yote, na alikuwa hapendi sukari nyingi, na mimi sikujua.

Miaka yote nilifikiri siku ile nilifanya vizuri. Ijumaa, mbele ya chupa ya sosi, ndipo nilipoiona kutoka upande wa kiti. Na Mama hayupo tena nikamuulize.

Kwa hiyo, Mama Mdogo, Carmel anabaki kwangu. Nimechoka, lakini nimechoka nikiwa naye. Ruphin nilimwambia Ijumaa ileile. Alivua viatu, akasema, "Basi nani atampokea shuleni?" Ndiye Ruphin huyo, kama mlinzi anaanza na mlango.

Jibu lilikuja kesho yake. Jumamosi nilimwomba Madame kipande cha uzi, ule mweupe wa kufungia bata. Akauliza wa nini. Nikamwambia wa kumpima Carmel, kwa ajili ya Mama Mdogo anayeshona. Nikamweleza na ile safari, na kwamba haitakuwapo tena. Hakusema ni vizuri wala ni vibaya. Alivuta uzi mwenyewe kutoka kwenye donge. Nikasema inatosha. Akaongeza. "Atakua," akasema, ndipo akakata.

Baadaye, akiosha sufuria, akasema bila kunitazama, "Januari, baada ya shule, aje hapa. Meza ya nyuma."

"Na wateja, Madame?"

"Wateja wanakuja kula. Meza ya nyuma hawaioni."

"Ataleta kelele."

"Thabo analeta kelele kila siku na mimi namlipa."

Kuna binti wa kanisani anayempeleka na kumchukua mtoto wake shule hiyohiyo. Atamshusha Carmel mkahawani akipita. Limekwisha hilo.

Najua neno lako jingine. Utasema mtoto atapoteza lugha. Ni kweli, namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akikasirika ananijibu Kizulu. Juzi nilimwambia aoge, akasema, "Hayi, Mama," yaani hapana, na mkono kiunoni, kama mwenye nyumba. Lakini anaelewa kila kitu, hasa yale nisiyotaka aelewe. Lugha yake ni juu yangu. Tangu Ijumaa akiniomba kitu kwa Kiingereza nimekuwa kiziwi. Jana alikaa na kiu robo saa nzima, ananipima. Halafu akasema, "Mama, naomba maji," kwa sauti ya mtu anayelipa faini. Nikampa.

Sasa uzi. Uchukue, uunyooshe juu ya meza yako ya kukatia. Anza upande wenye fundo kubwa. Kutoka hapo mpaka fundo la kwanza dogo ni mkono, bega hadi kifundo. Mpaka la pili, ukianza tena kwenye lile kubwa, ni bega hadi goti. Fundo la tatu ni urefu wake wote, kisigino hadi utosi, akiwa amesimama vizuri. Alisimama vibaya mara tatu, kwa hiyo hiki ni kipimo cha mara ya nne. Kilichobaki baada ya fundo la tatu ni kile Madame alichoongeza. Kiuno sikukiwekea fundo kwa sababu alikuwa anacheka na tumbo linaingia na kutoka.

Mshonee gauni la Krismasi kwa uzi huo. Ile sare uliyokwisha kuikata, mpe mjukuu wa Brigitte, ndiye mwenye saizi yake. Kwa masista nitaandika mwenyewe barua ya kuomba radhi. Si kazi yako kwenda kuona haya kwa niaba yangu. Kitanda cha kijani usikiuze wala usimpe mtu. Atakilalia siku tutakapokuja wote, yeye na mimi na Glody, tena tutabanana humo mpaka uchoke nasi.

Na zile kuta unazokula nazo, sijazisahau. Nilisema ndiyo mwezi wa saba na leo nasema hapana, na najua hapana hiyo inatua kwenye nyumba yenye mtu mmoja. Nimekaa nalo tangu juzi. Sina la kuliondoa lote. Nina hili. Marcellin anarudi huku tarehe tano Desemba, na kiti alichokuwa amemwekea Carmel kwenda huko, amekubali kiwe chako kuja huku. Pasipoti uliyotengeneza kwa ajili ya matibabu ya Baba Mdogo bado ina mwaka na zaidi. Mambo ya visa Marcellin anayajua, na atakwenda nawe kupanga foleni. Ukae mpaka shule zifunguliwe. Chumba chetu ni kimoja na cha uani, sikudanganyi, utalala na Carmel na atakupiga mateke. Mashine acha, njoo na futi yako ya kupimia tu.

Usijibu kwa hasira ya siku ya kwanza. Jibu kwa ya tatu.

Nisalimie Brigitte, mwambie mambo ya ngazi ameyasema vyema na aendelee kusema. Nisalimie Marthe, mama yake Marcellin. Mwambie mwanawe anakula vizuri huku, asidanganywe na ule wembamba. Nisalimie akina mama wa kwaya. Ukipita kaburini kwa Baba Mdogo Gustave, mwambie Glody ana masikio yake, yale yanayosimama.

Mungu akutunze, akulainishie goti, akuzibie lile bati, na akuonyeshe njia ya kuja bila usumbufu mpakani.

Ni mimi niliyelelewa na mikono yako, na ninayeipenda hadi leo,

Arlène

N.B. Carmel ameamka. Ameona naandika jina lake, anauliza uzi unakwenda wapi. Nimemwambia unakwenda kwa bibi wa Lubumbashi. Akasema basi na sisi tubaki na wetu. Nimekata mwingine wa urefu uleule, kisigino hadi utosi, nimeufunga kwenye msumari wa mlango na unaning'inia hapo. Leo tukiushika utosini pake, akiwa wima, mwisho wake unagusa sakafu. Usichelewe sana, Mama Mdogo, maana ukipita mwezi wa kumi na mbili uzi huu hautamtosha tena.